Mstari wa Tatu

Benchi la kijiweni lina miguu mitatu na tofali, na asubuhi ile lilibeba watu watatu wasioelewa kitu. Kiraka, fundi viatu, ndiye mwenye barua. Antena, fundi redio, husikia kila kitu akaelewa nusu. Hakimu, karani mstaafu wa mahakama, hukata hata kesi zisizomhusu. Mama Buli aliwamiminia kahawa, akakalia ndoo yake asikilize. Mdogo wake Kiraka, binti wa mwisho kwao, figo zote mbili zimegoma. Sasa na bima nayo imegoma kulipia vipimo.

— Soma tena, alisema Hakimu. Polepole, hatufukuzwi.

Kiraka akakohoa.

— "Kipimo cha kulinganisha tishu. Namba moja ya kipimo imeandikwa mara tatu, mgonjwa mmoja, siku moja. Malipo yamesitishwa. Kila aliyepimwa athibitishe kwa sahihi."

— Mara tatu! Antena akashika kichwa. Kwani mdogo wako yuko wangapi?

— Mmoja! Ndugu anayetaka kutoa figo, kipimo chake kinaandikwa kwenye bima ya mgonjwa. Karani wa hospitali kanieleza hivyo. Mstari wa kwanza mdogo wangu, wa pili kaka yetu mkubwa, wa tatu... mimi.

— Basi nimeelewa, alisema Hakimu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Namba moja, mgonjwa mmoja. Kisheria ninyi watatu sasa ni mtu mmoja. Wewe ukiumwa jino, mdogo wako anang'olewa.

— Na akiolewa je? aliuliza Mama Buli.

— Wameolewa wote.

— Shindwa!

— Hakimu, unapotosha watu, alisema Antena. Hii ni mashine. Imeonja damu zao, ikakuta ladha moja. Kiraka, ninyi ni mapacha. Mama yenu aliwazaa kwa awamu tu, asishtue majirani.

— Kaka yangu kanizidi miaka tisa!

— Awamu ndefu.

Kiraka alicheka kuliko wote, akacheka hata walipokwisha kunyamaza. Kicheko kilimfaa kujifichia. Siku ile ya vipimo jina lake liliitwa dirishani, karani akaingiza namba ya kipimo papo hapo. Kisha Kiraka akaiona sindano. Akasema anakwenda msalani, akatokea geti la jikoni, na hakugeuka nyuma mpaka alipofika kwake. Mtu mzima, anayeshika msumari kwa meno kutwa nzima!

Majibu ya kaka mkubwa yalikwisha kutoka. Hayalingani. Aliyebaki ni yeye. Na asubuhi hii mdogo wake alimpigia simu, sauti imefifia, akimwomba radhi: "Pole kaka, wanakusumbua. Eti chupa ya damu yako hawaioni. Tia sahihi tu, mengine watatafuta."

— Tia sahihi, uwafunge midomo, alisema Hakimu, akamsogezea kalamu.

— Tia, alisema Antena. Huenda chupa yako wameiuza ng'ambo. Damu ya fundi viatu ni ngumu, inatafutwa sana.

Kiraka akaishika kalamu. Akatafuta nafasi ya sahihi.

Hapo akafika mama mmoja, kiatu kimoja mguuni, amekuja kuchukua cha pili kilichokuwa kikishonwa. Alisikiliza kidogo, akamtazama Kiraka kwa huruma.

— Poleni. Mimi nilitolewa damu kwa ajili ya mwanangu vivyo hivyo. Mkono ulivimba wiki nzima. Wewe walikutoboa mkono gani?

Kiraka alitazama mkono wa kushoto. Akatazama wa kulia. Hakimu naye akatazama, Antena akainama kabisa, kama anayetafuta waya uliokatika. Mama Buli akaliweka buli chini.

— Kiraka, aliita Hakimu taratibu. Umeulizwa.

Kiraka alirudisha kalamu.

— Maabara inafunga saa ngapi?

Hakuna aliyejua. Watu waliojua mashine inavyoonja damu, saa ya kufunga mlango hawakuijua. Kiraka hakungoja wabuni. Aliinuka, benchi likayumba, kahawa ya Antena ikamwagika yote.

— We fundi! alipiga kelele yule mama. Na kiatu changu?

Kiraka alikuwa ameshavuka barabara anakimbia, kiatu cha watu kwapani, mkono wa shati ameshaukunja.