Bomba la Mzee wa Chini

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wenzangu, mambo vipi. Mchungaji ameniambia nishuhudie kwa kifupi, na mama yangu ameniambia nishuhudie kwa adabu. Nitajitahidi kutimiza moja.

Wengi mnanijua. Mimi ndiye niliyekuwa nachekesha kwaya ya vijana mpaka besi wanaingia mahali pa soprano. Mlipokaa hapa Miyuji kuniombea nilipopata nafasi ya kwenda kusoma Polandi, kuna mzee aliomba hivi: "Bwana, mpeleke salama, na utupumzishe kidogo." Nilisikia, mzee. Nilikuwa nimefumba jicho moja tu.

Kabla sijaondoka mlinichangia koti la baridi. Lilinunuliwa mnadani Msalato, zito, jeusi, linafika magotini. Nililivaa kwa majivuno mpaka mwenzangu wa chumbani, kijana wa kutoka Vietnam, aliponivuta pembeni na kuniambia kwa upole kwamba lile ni koti la kike. Vifungo viko upande wa kina mama, na mgongoni lina ua. Simtaji aliyelichagua. Anajijua, na leo kaketi karibu na dirisha. Lakini ndugu zangu, nawaambia, baridi ya kule haiulizi ua liko wapi. Nililivaa hivyo hivyo.

Sasa niwaeleze shida yangu, maana mnadhani ilikuwa baridi. Baridi unaizoea. Shida ilikuwa kwamba sikuwa nachekesha.

Msicheke, nasema kweli. Mwaka wa kwanza kule unasoma lugha yao tu, na mwisho wake kuna mtihani wa kuzungumza. Ukipita, unaingia chuo. Usipopita, unapanda ndege kurudi kwenu. Darasani mwalimu anauliza Jumamosi mlifanya nini. Mimi kichwani nina jibu la kuvunja mbavu, ila liko kwa Kiswahili. Nikianza kulitafutia maneno, moja baada ya jingine, mwalimu ameshahamia Jumapili.

Siku moja nikajikaza. Nikamsalimia mwalimu kama tunavyosalimiana sisi, nikamuuliza habari za nyumbani, habari za watoto, na ng'ombe je? Hapa kwetu mtu angenijibu kwamba ng'ombe wananisalimia na wanauliza nitaenda lini kuwachunga. Yule mama aliniangalia, akafikiri, akasema, "Sina ng'ombe." Akafungua kitabu, tukaendelea na somo.

Nikaanza kunyamaza. Sikumnunia mtu. Niliona tu kwamba kila nikifungua mdomo anatoka mtu mwingine, mpole, mwenye maneno kama ya mtoto wa chekechea, na huyo mtu mimi simpendi. Nikawa naenda darasani, narudi, napika, nalala. Mama akipiga simu ananisikiliza kidogo, kisha ananiuliza, "Unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Mbona hunichokozi?"

Nikamwambia ukweli kwamba nataka kurudi. Nilishaanza hata kupanga begi. Nilitegemea atalia au atanifokea. Akasema, "Rudi, mwanangu. Nyumba ni yako. Ila ukifika, Jumapili utasimama mwenyewe mbele ya kanisa uwaambie waliokununulia koti."

Mama, umekaa hapo unatikisa kichwa, lakini ulisema hivyo. Nikamwambia basi, nitamalizia mwezi huu.

Tulikuwa tunakaa kwenye jengo la zamani la ghorofa. Nyumba za kule zinapashwa moto na maji ya moto yanayopita kwenye mabomba ya chuma, yanapanda kutoka chini mpaka juu, chumba kwa chumba. Ukiligonga bomba kwako, linasikika kwa wa chini na kwa wa juu. Na chini yetu alikaa mzee mmoja na mkewe.

Mimi jioni nasonga ugali. Unga wa kule ni wa njano na mgumu, na sufuria yetu ilikuwa nyepesi, kwa hiyo kusonga kulikuwa vita. Sufuria inaruka, jiko linalia, mwiko unagonga. Jioni moja nikiwa katikati ya vita nikasikia kwenye bomba: ko! ko! ko! Mwenzangu akaniambia, "Huyo ni mzee wa chini. Anasema unyamaze."

Nikanyamaza. Kesho yake nikasonga tena. Ko! ko! ko! Siku ya tatu nikakutana naye kwenye ngazi. Mzee mfupi, tumbo mbele, suruali kaipandisha mpaka karibu na kifua. Nikamsalimia. Akanyoosha kidole juu, akazungusha mikono kama mtu anayekoroga saruji, akanitazama kwa uso wa kuuliza: unafanya nini huko? Sikuwa na neno la ugali. Na mimi nikazungusha mikono, nikapeleka tonge mdomoni, nikajipapasa tumbo. Akashika kichwa kwa mikono miwili kuonyesha maumivu. Nikajifanya nalia. Akasema kitu, akaondoka. Lakini nilimwona, wazee wangu, pembeni ya mdomo palicheza.

Jioni ile alipogonga, nikachukua mwiko nikamjibu. Sikumjibu hovyo. Nilimpigia muheme, ngoma anayoipiga bibi yangu kule Ihumwa. Pakawa kimya. Halafu kutoka chini, taratibu: ko. Pigo moja, mahali pake kabisa.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Nikisonga, anagonga. Akigonga, namjibu. Nikimpigia muheme nikaiachia njiani, yeye ndiye anayeifunga. Ndugu zangu, katika nchi nzima yule mzee ndiye mtu pekee niliyekuwa namchokoza na yeye ananichokoza. Hatukuwahi kusemezana sentensi iliyokamilika.

Kisha ikafika jioni moja, nikasonga, bomba kimya. Kesho yake nikasonga kwa nguvu mpaka ugali ukaniogopa. Kimya. Nikagonga mimi. Kimya.

Asubuhi yake nikakuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa jengo, imezungushiwa mstari mweusi. Kule ndivyo wanavyotangaza msiba. Nikalisoma jina. Lilikuwa lile lililoandikwa kwenye kisanduku cha barua cha mlango wa chini yetu.

Sasa nyie niambieni. Amefariki jirani, jengo moja, bomba moja. Unaenda darasani? Mwenzangu aliniuliza, "Umealikwa?" Nikamwambia msiba haualikwi. Nikavaa koti langu lenye ua, nikaenda kanisani kwao, nikaketi nyuma, nikaenda makaburini, nikasimama nyuma. Watu wananitazama, nawatazama. Tukazika. Wakarudi nyumbani kwa marehemu kula chakula, na mimi nikarudi, maana ndiko ninakoishi.

Nikapanda kwanza kwangu kuchukua rambirambi. Kwetu ukienda msibani unabeba kitu: unga, kuni, maji. Kuni sikuwa nazo. Nikachukua mfuko wa unga wa njano, nikagonga mlango. Akafungua binti yao, mama mtu mzima, anajua Kiingereza. Akautazama ule unga, akaniambia kwa huzuni, "Samahani, leo hatununui kitu."

Nikamwambia ni wa msiba. Akaupokea kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto asiyemfahamu. Mimi nikavua viatu, nikaenda kukaa nje. Si mnajua, wanaume msibani tunakaa nje. Sasa pale nje hakuna uwanja, nje ni ngazi. Nikaketi kwenye ngazi. Kila anayepanda ananiruka, kila anayeshuka ananiomba radhi. Nikasema moyoni, hawa watu hawana wanaume? Mbona wote wako ndani?

Binti akatoka tena. "Mama anauliza, wewe ndiye wa juu?"

"Ndiyo."

"Wa kelele?"

"Ndiyo."

"Anasema uingie ule."

Nikaingia. Meza ndefu, watu wamevaa nyeusi, wanakula supu bila kusemezana. Unasikia vijiko tu. Bibi wa chini kaketi mwisho wa meza, kijiko kimelala pembeni ya sahani, supu hajaigusa. Nikamwona, nikamkumbuka bibi yangu.

Babu yangu alipofariki Ihumwa, bibi alikataa kula. Akabembelezwa na wachungaji, akabembelezwa na wanawe, akakataa. Wakafika watani, Wahehe. Mmoja akaingia ndani, akavaa koti la babu, akashika fimbo ya babu, akapita katikati ya waombolezaji akikohoa kile kikohozi cha babu na kuuliza nani kaacha zizi wazi. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akaomba uji. Watu wazima mmeyaona haya, si hadithi.

Basi nikazungusha macho kwenye ile meza, natafuta nani mtani wa marehemu. Hakuna. Wote ndugu, wote wameinama. Nikafikiri, watu hawa wanazika bila mtani? Atakula saa ngapi huyu bibi?

Nawaambia ukweli. Tangu nifike kule sikuwa nimemchekesha mtu hata mmoja, na sasa naanzia msibani. Nikasimama. Nikaipandisha suruali mpaka karibu na kifua. Nikatoa tumbo, ambalo sina, kwa hiyo nilivuta pumzi. Nikatembea mpaka kwenye bomba la ukutani, nikakunja uso, nikachukua kijiko: ko! ko! ko! Nikanyoosha kidole juu kwenye dari, nikaguna kwa sauti ya yule mzee, nikashika kichwa kwa mikono miwili.

Baba mmoja mwenye masharubu akainuka, akaja, akanishika koti kwenye ua. Nikajua hapa natoka, na nikitoka hapa ni moja kwa moja mpaka Dodoma.

Bibi akaweka mkono mdomoni. Mabega yakaanza kutikisika. Nikasema, tayari, nimemliza mjane. Akauondoa mkono, kumbe anacheka. Anacheka na machozi yanashuka, vyote pamoja. Akasema kitu, akaondoka mezani. Nikamuuliza binti, "Kasema nini?"

"Amesema umekosea. Baba hakuwa anagonga kwa kijiko."

Bibi akarudi na ndala moja ya nyumbani, ngumu, ya ngozi, kisigino kimeliwa. Akanipa. Akanionyesha sehemu ya bomba ambayo rangi ilishabanduka. Nikagonga hapo. Ilikuwa sauti yenyewe, ile ile niliyoizoea. Yule wa masharubu akaniachia koti, akaketi, akaanza kusimulia jambo kuhusu mzee na baiskeli, mwingine akadakia, meza nzima ikawa inaongea. Sikuelewa hata nusu. Bibi akavuta sahani, akala.

Baadaye binti akanitafsiria maneno ya mama yake. Alisema mzee alikuwa mgonjwa tangu kabla sijahamia, na jioni alikuwa hatoki kitandani ila kunigongea na kurudi. Siku aliposikia muheme aliamka, akakaa kwenye kiti karibu na bomba. Tangu hapo ikifika jioni anaketi pale na ndala mkononi, nikichelewa anamuuliza mkewe, "Yule wa juu leo hali?"

Ndugu zangu, nilipanda kwangu nikalifungua begi, nikatoa nguo, nikazirudisha kabatini.

Baada ya wiki moja bomba likagonga. Nikashuka. Bibi alikuwa amepika supu na hana wa kula naye. Ikawa hivyo jioni nyingi. Yeye anasema, mimi nasema, nikikosea anapiga ndala mezani. Tulisemezana habari za mume wake, za bei ya viazi, za majirani asiowapenda, na hao nilifundishwa maneno yote ya kuwasema, hata yasiyofaa kusemwa hapa. Mtihani ulipofika waliniambia nieleze mtu mmoja ninayemfahamu. Nikamweleza mzee wa chini. Nilipofika pale nilipokaa kwenye ngazi, mtahini mmoja akavua miwani akafuta macho. Nilikuwa nimechekesha, kwa lugha yao, na nikapita.

Kwa hiyo leo nasimama hapa kwa likizo tu, mama. Ilitakiwa nisimame mapema zaidi, nikiwa na maneno mengine.

Nawashukuru ninyi mlionichangia koti. Wewe wa dirishani, usilie, ua lilinisaidia. Bibi ananitambua kwa mbali kwa hilo ua. Namshukuru mwenzangu wa Vietnam, anayekula ugali wangu bila kulalamika. Namshukuru mama kwa kuniambia nirudi, maana angenikataza ningerudi. Na wale Wahehe waliomlisha bibi yangu uji, popote walipo, waambieni kazi yao imefika mbali.

Vijana mnaotaka kwenda nje, somo langu ni hili. Mtawaambia watu jina, mtawaambia kozi, haitoshi. Mtafute mmoja wa kumchokoza, mapema, hata kama ni kwa bomba. Na akipatwa na msiba, nenda, usingoje kualikwa. Ila kaa ndani, ngazi zina baridi.

Nasafiri wiki hii. Mama amenifungia mlenda mkavu nimpelekee bibi wa chini, na sijui atausemaje. Nikifika, kabla sijavua koti, nitashika mwiko nipige muheme kwenye bomba na kuiachia njiani. Ikifungwa kutoka chini, nimefika.