Marehemu Nashon Mangeni, Aliyeunda Kifaru Mwamba

Viongozi wetu wa dini, wazee wa ukoo, shemeji zetu mliovuka mpaka tangu alfajiri, majirani wa Dabani na mafundi wa Busia, familia imenituma mimi Samuel, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya kaka yetu, na kwa kuwa mbele yenu mnaona jeneza na pembeni yake meza yenye kitu kilichofunikwa shuka, naomba wale walioanza kunong'onezana wavumilie kidogo, maana meza hiyo nayo ina zamu yake.

Marehemu Nashon Mangeni alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa hapa Dabani, katika boma hili mlilokalia, mtoto wa pili wa hayati Mzee Egessa na hayati Mama Taaka, akabatizwa mwaka huo huo, na waliomlea wanasema alichelewa kusema lakini hakuchelewa kufungua vitu, kwa sababu redio ya kwanza kuingia katika nyumba hii aliifungua yote kabla haijamaliza wiki, na aliyeifunga tena hakupatikana.

Mwaka 1977 alipelekwa Merikit kwa mjomba wetu, akaanza shule ya msingi huko huku akisaidia kuchunga, na ilikuwa huko, mwaka 1979, wakati wa vita, ambapo alisikia ardhi ikitetemeka, akatoka mbio kwenye shamba la mihogo kwenda kutazama barabarani, akakutana uso kwa uso na kifaru cha jeshi kikipita, akarudi nyuma mpaka akaangukia mtaroni. Tangu siku hiyo alisimulia kwamba chuma kile kilikuwa kirefu kuliko kanisa la Dabani, kwamba kulikuwa na askari aliyetembea kando yake na kofia ya askari huyo haikufika hata juu ya gurudumu, nasi wadogo zake, tuliojua jinsi kaka alivyopenda kutia chumvi, tulimwambia kifaru chake kinakula vizuri, maana kila Krismasi kinazidi kurefuka. Yeye hakukasirika, alijibu tu kwamba sisi hatukuwepo.

Alimaliza darasa la saba Merikit mwaka 1983, akaingia sekondari Tororo mwaka uliofuata, na alipokuwa kidato cha pili, mwezi Agosti 1985, baba yetu alifariki, naye akarudi nyumbani kumsaidia mama bila kulalamika, akachukua baiskeli ya marehemu baba, akaifungia kigoda cha sponji nyuma, na kuanzia mwaka 1986 akawa anabeba abiria kati ya vituo viwili vya mpaka pale Busia, enzi ambazo boda boda ilikuwa miguu ya mtu na si petroli. Mwaka 1992 aliingia gereji moja ya Tororo kujifunza kunyoosha bodi na kupaka rangi malori chini ya Fundi Jamilu, ambaye Mungu amempa uzima na leo yuko nasi, pale mbele, mwenye kofia nyeupe, na kwa Fundi Jamilu alijifunza mambo mawili aliyotembea nayo maisha yake yote, kwamba rangi haifichi kosa bali hulitangaza, na kwamba fundi hajichori kwenye kazi yake. Mwaka 1995 alifungua mahali pake mwenyewe Busia, karibu na maegesho ya malori, na madereva wa njia hii wanajua kwamba lori lililotoka mikononi mwa Mangeni lilikuwa linang'aa hata dereva akachana nywele kwa kujitazama mlangoni.

Kuhusu ndoa, marehemu alimpata mke wake Annet Nabwire juu ya ile baiskeli, kwani dada huyu kutoka Samia ya upande wa Kenya alikuwa akivuka kila siku ya soko na beseni lake la omena, dagaa wa ziwani, na ingawa waendesha baiskeli walikuwa wengi, alikuwa akisubiri mpaka Nashon arudi, jambo ambalo yeye mwenyewe analikana mpaka leo akisema alikuwa anasubiri kivuli. Walioana kwa mila tarehe 12 Desemba 1992, wakafunga ndoa takatifu tarehe 17 Aprili 2004 hapa Dabani, na Mungu akawajalia watoto watatu, Prossy aliyezaliwa mwaka 1994, ambaye ni muuguzi, Isaac wa mwaka 1997, ambaye ni dereva wa trela, na Kate wa mwaka 2003, anayesomea ualimu, pamoja na wajukuu wawili.

Sasa tumefika kwenye meza. Mwaka 2011 marehemu alianza kuunda kifaru, na tunapenda ieleweke kwamba hakununua mfano dukani wala hakunakili kifaru cha jeshi lolote, aliunda kile alichokiona yeye kwa macho ya mtoto wa Merikit, kifaru ambacho hakijawahi kuwepo duniani, ambacho kama kingekuwa cha kweli, kwa vipimo vyake mwenyewe, kingekuwa na urefu wa trela mbili zilizofuatana na kimo cha kanisa. Akakiita Mwamba, kwa heshima ya ule mwamba mkubwa unaosimama juu ya mji wa Tororo. Mwili aliukata kwenye mabaki ya mabati na makopo ya mafuta ya kupikia, kichwa kinachozunguka kilitoka kwenye sufuria iliyokatika masikio, mzinga ni bomba la pampu ya baiskeli, magurudumu ni makopo ya rangi ya viatu aliyokusanya kwa wapiga viatu rangi wa pande zote mbili za mpaka, na minyororo inayozunguka magurudumu hayo ni minyororo ya baiskeli, mmojawapo ukiwa ni ule ule wa baiskeli ya Mzee Egessa iliyombebea mke.

Katekista wetu aliwahi kumuuliza kwa upole kama inafaa Mkristo kukaa miaka akiunda silaha, naye akajibu kwamba kifaru hiki hakiwezi kumdhuru mtu, kwa sababu ni kizito mno, hakuna daraja ambalo lingekibeba, kikitoka Tororo kwenda vitani kingezama kwenye mpunga kabla adui hajaamka, na katekista alicheka mpaka akaketi. Lakini jambo lililomkaa marehemu moyoni halikuwa la kuchekesha, na sisi wa nyumbani tulilijua. Alitaka mtu mmoja, hata mmoja tu, asimame mbele ya Mwamba na kurudi nyuma, kama yeye alivyorudi nyuma mwaka 1979, ili ajulikane kwamba hakuwa mwongo.

Hilo halikutokea upesi. Mwaka 2016 alikipaka rangi kwa mara ya kwanza, na hapo alifanya kosa ambalo ni fundi wa malori peke yake angelifanya, kwani alikinyunyizia rangi ya kung'aa, tabaka juu ya tabaka, akakisugua mpaka kikameremeta, na watu wakaja wakakisifu sana, wakauliza anamtengenezea mtoto gani. Kiling'aa kama chupa ya chai. Aliwatazama, akawashukuru, na Jumatatu iliyofuata akachukua msasa akaanza kukwangua rangi yote mpaka bati, kazi ya miezi mingi, kisha akapaka upya kwa rangi iliyofifia, akatia kutu kwa brashi ya nywele chache, akapuliza vumbi jekundu la barabara ya Merikit kwenye minyororo, akachora michirizi ya mvua chini ya kila msumari, na misumari yenyewe ilikuwa ni vichwa vya pini alivyovikata kimoja kimoja. Kilikuwa kizuri ajabu. Watu wakaja tena, wakasema ni kizuri ajabu, na jirani yetu Rukiyah wa chapati akasema wazi wazi, "Fundi, hii kitu yako iko sawa kabisa, lakini ukubwa yake iko wapi? Mimi naona kadogo tu."

Marehemu hakula jioni ile. Anayejua ni Annet, na ndiye aliyetupa ruhusa tulisome hili, kwamba alimkuta mumewe amekaa mbele ya Mwamba, mikono magotini, akisema labda wadogo zake walikuwa na haki ya kumcheka, labda kifaru kilikuwa cha kawaida na mtoto ndiye aliyekuwa mdogo. Annet alikuwa amesikiliza hadithi ya Merikit kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, mara nyingine akiwa anachambua dagaa na kuitikia tu, lakini kusikia alisikia, naye akamwambia, "Baba Prossy, kwa ile hadithi yako kunaga askari anatembea hapo kando. Sasa hapa askari ako wapi? Weka mtu, tuone."

Basi marehemu akaweka mtu. Alikata waya, akauvika pati ile ile ya kuzibia mabonde ya malori, akauchonga kwa wembe, akapata mtu wa urefu wa kijiti cha kiberiti, na hakumfanya askari, alimfanya Annet, mwenye gauni refu la gomesi la njano na beseni la omena kichwani, akamsimamisha kando ya gurudumu. Beseni halikufika juu ya gurudumu. Asubuhi Rukiyah alipoingia na sinia lake la chapati, akainama kumtazama yule mwanamke mdogo, macho yakapanda kutoka kwenye beseni kwenda kwenye minyororo, kutoka kwenye minyororo kwenda kwenye mwili, mpaka juu kwenye mzinga, akasema "Allah!", akarudi nyuma, na chapati zote zikaenda chini. Marehemu aliziokota akazila yeye mwenyewe, zenye mchanga, akicheka na machozi yakimtoka, na tunasema bila aibu kwamba hatukuwahi kumwona kaka yetu na furaha kama ile, hata siku ya harusi, na mke wake amekubali tuseme hivyo.

Kuanzia hapo wakaja madereva wa kutoka mbali, wakaja walimu na wanafunzi wao, wakaja maofisa wa forodha wakitania kwamba mzigo huu hauna kibali, na kila aliyerudi nyuma marehemu alimtengenezea mtu wake, ndiyo maana kando ya Mwamba wamesimama Rukiyah na sinia, Fundi Jamilu na kanzu, katekista na Biblia, Prossy na sare yake nyeupe, na hata mimi niko, nimewekwa mtaroni, miguu juu, adhabu ya kumcheka miaka yote ile. Yeye peke yake hakuwepo. Annet alimwomba mara nyingi ajiweke, naye kila mara alijibu kwa maneno ya mwalimu wake, kwamba fundi hajichori kwenye kazi yake.

Kuhusu ugonjwa, mwezi Juni 2022 marehemu alianza kukohoa na kukosa pumzi, akatibiwa Busia, kisha Tororo, kisha Mbale, na madaktari wakatueleza kwamba mapafu yalikuwa yamechoshwa na rangi aliyoivuta miaka mingi akiwa amejifunga leso tu puani, nasi tunawasihi mafundi wenzake mliopo hapa, vaeni barakoa, msingoje. Aliendelea na kazi ndogo ndogo za brashi akiwa kitandani, Kate akimshikia kikopo, akapaka mstari wake wa mwisho kwenye Mwamba mwezi Desemba 2024, na tarehe 4 Februari 2025, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, alifariki nyumbani hapa akiwa na mke wake na watoto wake wote, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Jumatano Annet aliwaomba wazee jambo. Mnajua kwa desturi ya nyumba yetu mjane hashiki kazi ya mikono mpaka mume awe amezikwa, naye aliomba apewe waya, pati na brashi za mumewe. Wazee walivutana, wengine wakisema haijawahi kuonekana, mpaka shangazi yetu Amondi, ambaye umri wake unazidi wa wazee wote waliokuwa wakivutana, akagonga fimbo chini akasema, "Hiyo si kazi. Huyo anavalisha bwana yake. Nani mwingine atamvalisha?" Na mjadala ukaishia hapo. Fundi Jamilu naye alipoulizwa kuhusu lile neno lake, alisema alichokataza ni fundi kujichora mwenyewe, kuchorwa na mkewe hakukukataza.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Busia, Tororo na Mbale, majirani waliotuletea kuni, maji na viti, chama cha madereva, mafundi waliofunga gereji zao leo, waumini wa Dabani, na shemeji zetu wa upande wa pili, ambao mpaka kwao haujawahi kuwa ukuta.

Sasa Kate ataondoa shuka, na Annet ataweka mtu wa mwisho, aliyemchonga yeye mwenyewe. Mtamwona ana ovaroli ya buluu, leso shingoni, mguu mmoja umezidi mwingine kidogo, kwa maana aliyemchonga alikuwa anashika wembe huo kwa mara ya kwanza, na kofia yake haifiki juu ya gurudumu. Tunaomba mpite wote kwa utaratibu, muiname, mwanze kwa kumtazama yeye, kisha mpandishe macho polepole mpaka juu, na atakayejikuta anarudi nyuma asione haya, arudi tu, kwa sababu hicho ndicho kaka yetu alichokuwa akitaka.

Nashon Mangeni, tumeona, ni kikubwa kweli kama ulivyosema, nasi hatucheki tena. Pumzika, fundi wetu, ulale kwa amani ya Bwana.