Gari Linalovuta Hewa

Kila Godwin aliposimamisha teksi yake kuukuu kushusha abiria, injini ilitetemeka na vyungu vya mama Angetile vikagongana kule nyuma. Walipofika Ipyana, mama huyo akasikia kimoja kikipasuka.

"Ni nozeli za mafuta tu, zimechafuka," Godwin alisema, huku akikanyaga mafuta gari lisizime.

"Si umesema umezisafisha juzi?" akauliza mzee aliyekaa mbele, abiria ambaye Godwin hakumjua. "Hili linavuta hewa mahali."

"Unanifundisha gari langu?"

"Nakufundisha, ndiyo!"

Mama Angetile uvumilivu ukamwishia. "Nimefinyanga mpaka mgongo unaniuma, halafu ninyi mnashindana midomo! Fungueni boneti muangalie!"

Godwin akashuka, akaifungua kwa hasira, injini bado ikitetemeka. Mzee akapapasa, akaubana kwa kidole mpira wa hewa uliochanika. Papo hapo injini ikatulia, ikanguruma taratibu.

"Toa mkono kwenye gari langu!" Godwin akafoka.

Mzee akautoa. Injini ikakohoa, ikazimika, na haikuwaka tena.

"Umeliua!" Godwin akapiga kelele.

"Ndaga, baba," mama Angetile akamshukuru mzee, akaanza kushusha vyungu vyake barabarani.