Waya Mahali pa Fyuzi

MJOMBA: Haloo! Nani mwenzangu? Sauti inakwaruza.

FUNDI: Mimi, Mjomba. Mpwa wako. Shikamoo.

MJOMBA: Marahaba, mama! Leo umenikumbuka. Karakana inasemaje?

FUNDI: Inakwenda. Mjomba, nina laptopu hapa mezani, haichaji. Taa ya chaja inawaka, nikichomeka tu, pap, inazima.

MJOMBA: Shoti hiyo. Umepima?

FUNDI: Chaja inatoa volti kumi na tisa, haina neno. Nikigusa bodi, mita inalia piii. Chanya na hasi zimeshikana.

MJOMBA: Chomoa betri kwanza kabla ya—

FUNDI: Nimeshachomoa. Imetuna kama mto.

MJOMBA: Eh! Haya, angalia fyuzi, ile karibu na tundu la chaja. Lazima imekufa.

FUNDI: Haipo.

MJOMBA: Haipo vipi?

FUNDI: Kuna waya. Mtu kaweka kipande cha waya mahali pa fyuzi, umeme ukizidi hakuna cha kuukata.

MJOMBA: Mafundi wa vichochoroni hao. Wanatuharibia kazi tu, halafu—

FUNDI: Mjomba, mwenye mashine yuko nje kwenye benchi. Anasema uliitengeneza wewe, mwezi uliopita. Amepita kwako, siku ya nne leo umefunga.

MJOMBA: Mafua... [mkwaruzo] ...kifua kimebana.

FUNDI: Haloo? Unanisikia?

MJOMBA: Nakusikia. Sasa fanya hivi. Pitisha umeme kidogo kwenye ile njia, volti moja tu, usizidishe. Paka spiriti bodi nzima. Patakapokauka kwanza kwa joto, hapo ndipo penye ugonjwa.

FUNDI: Subiri, nakuweka mezani. [Anapaka spiriti.] Ipo! Kapasita ya pembeni, ndogo kama chawa. Imekauka hapo hapo.

MJOMBA: Ing'oe.

FUNDI: Taratibu... imetoka. Mita imenyamaza.

MJOMBA: Si unaona? Rudisha kapasita mpya, weka fyuzi, tafuta betri, mpe mtu mashine yake aende zake.

FUNDI: Mjomba, mtoto ameungua.

MJOMBA: Mtoto gani?

FUNDI: Binti yake. Alikuwa ameipakata, anasoma. Paja lote malengelenge.

MJOMBA: Ana miaka mingapi?

FUNDI: Tisa. Baba yake ananiuliza imekuwaje. Nimjibu nini?

MJOMBA: Mwambie betri. Si umesema imevimba? Betri zinavimba bwana, hata mpya—

FUNDI: Wewe huyo! Wewe uliyenifundisha kazi, ukanirudishia bodi moja mara tatu, eti lehemu haijakaa sawa! Hii hapa imetapakaa, imegusa mpaka pini ya jirani. Mkono wako naujua. Huu si wako.

MJOMBA: Usinifokee.

FUNDI: Sikufokei, Mjomba.

MJOMBA: Iliniponyoka. [Anakohoa.] Fyuzi. Mara ya kwanza nikaiokota. Ya pili sikuona ilikoangukia. Nimepapasa meza nzima, nimepapasa sakafu, na mtu amesimama dirishani anasubiri. Nikasema, leo tu.

FUNDI: Tangu lini huoni?

MJOMBA: Nyumbani hawajui.

FUNDI: Tangu lini?

MJOMBA: Kabla ya mwaka kugeuka. Jicho la kulia ukungu mtupu. La kushoto nalo linafuata.

FUNDI: Jamani, Mjomba... Ziko ngapi?

MJOMBA: Ngapi nini?

FUNDI: Ulizoweka waya.

MJOMBA: Hiyo, na... mbili nyingine. Ya bwana wa duka la dawa, ila hiyo ameshaitupa stoo, amenunua mpya.

FUNDI: Na ya pili?

MJOMBA: Ya dada mmoja, ana mapacha. [Mkwaruzo] ...anaiacha ikichaji kitandani, wanaangalia katuni.

FUNDI: Kitandani! Namba yake?

MJOMBA: Ipo daftarini. Nimeifungua hapa tangu asubuhi, herufi zote zinaogelea.

FUNDI: Anakaa wapi? Haraka!

MJOMBA: Nyuma ya kiwanda cha matofali, geti la bluu. Mwambie achomoe ukutani. Asiiguse kwa mkono mtupu kama ni ya moto.

FUNDI: Natoka sasa hivi. Salio lenyewe linaishia. Na huyu wa nje?

MJOMBA: Mpe simu.

FUNDI: Mjomba, hebu tulia kwanza, mimi nitamwambia—

MJOMBA: Mpe simu, mama. Kimbia.

FUNDI: Haya. Bwana! Samahani, shika hii. Kuna mtu anataka kusema nawe.

MTEJA: Haloo? Nani wewe?

MJOMBA: Mimi ni fundi wako, bwana. Pole na mtoto. Betri haina kosa. Mahali pa fyuzi niliweka waya, mimi mwenyewe.

[Simu inakatika. Salio limekwisha.]