Bamia za Ukuta wa Mkate

Benchi la Soli, fundi viatu, limeegemea ukuta wa nyuma wa tanuri la mkate, na kwa baridi ya mji ule, watu wasingekaa pengine hata uwabembeleze. Ukuta una joto toka alfajiri mpaka jioni. Ncha ya kulia, pale lipu ilipobanduka na tofali likabaki uchi, ndiyo yenye joto kuliko zote, na Wembe kinyozi huikimbilia huku kaacha mteja na povu kidevuni. Kilo, mpima nafaka wa duka la jirani, hudai kiti hicho ni haki ya magoti yake. Birika muuza kahawa hagombei, yeye ana jiko lake la mkaa katikati ya miguu. Asubuhi ile Wembe aliwahi kama kawaida yake, lakini ajabu, Kilo hakumsukuma wala kumtukania ukoo. Macho yote yalikuwa kwenye sahani iliyowekwa katikati ya benchi, na kwenye sahani kulikuwa na bamia.

Bamia, jamani! Kwenye mji ambao watu wanavaa sweta saa sita mchana na nguo zinakaa kambani mpaka zinasahau mwenyewe ni nani. Zimechemshwa kwa chumvi, kijani kibichi, bado zinafuka moshi. Na hazikuja na lori kutoka kwenye joto huko bondeni. Aliyezipanda ni dada mkubwa wa Soli, mkanda unga wa tanuri hilohilo, ambaye kijiwe kizima kinamwita Shangazi.

— Mimi nasema hivi, alianza Wembe, akiiinua bamia moja na ute ukimfuata mpaka magotini. Huyu mama si mtu wa kawaida.

— Hilo tunalijua, alisema Kilo. Tunachotaka kujua kafanyaje.

— Kafanyaje? Nywele! Kila jioni anakuja kwangu kuomba nywele nilizofagia. Nikadhani anajaza mto. Kumbe anazitandika kwenye udongo. Mbegu zimevaa sweta, bwana! Sweta la vichwa vya mji mzima!

— Basi hizi nilizokula ni kichwa cha nani? aliuliza Kilo.

— Hiyo ndefu, ya mwenye tanuri. Hana nywele lakini ana ndevu.

Walicheka mpaka Birika akamwaga kahawa. Soli alicheka pia, ila kicheko chake kiliishia kwenye meno. Alikuwa ameinamia kiatu cha kike kilichokatika mkanda, sindano mkononi, na mwenye kiatu ameketi ncha ya kushoto ya benchi, mguu mmoja umevaa, mwingine ameukunja chini ya gauni. Mama huyo alikuwa mgeni pale. Walimpa kahawa na bamia moja, akala akisikiliza.

Soli alikuwa na lake moyoni. Dada yake alipofiwa na mumewe kule bondeni, alimleta akae naye. Alikuja na sanduku moja na mbegu za bamia za mama yao, zimefungwa kwenye pindo la kanga. Mara ya kwanza alizipanda bustanini, zikaoza ardhini kwa ubaridi. Mara ya pili ziliota, ukungu ukashuka, miche ikawa ya njano ikalala chini isiinuke tena. Watu wakamwambia aache, huku ni kwa kabichi. Akawajibu kwa hasira mbele ya benchi hilohilo: "Siondoki huku nimeshindwa na baridi. Siku nitakayokula bamia niliyoipanda kwa mkono wangu, hapo ndipo nitafikiria kurudi kwangu." Na kwenye sanduku lake alikuwa na shali ya buluu ambayo hakuivaa hata siku yalipodondoka mawe ya barafu. Alisema ile ni ya safari, atajitanda siku ya kurudi.

Sasa bamia zimeliwa. Na leo asubuhi, Soli akifunga kamba za viatu vyake, alimwona dada yake kainama anavuta sanduku kutoka mvunguni, analifuta vumbi, analifungua. Hakuthubutu kuuliza. Alitoka bila kunywa chai, akazunguka mitaani, na alipofika benchini sahani ilikuwa imeshamtangulia.

Kabla ya dada kuja, nyumba ya Soli ilikuwa na sauti moja tu, ya bomba linalovuja. Siku hizi kuna mtu wa kumgombeza akiweka viatu vya watu mezani, wa kuimba jikoni nyimbo zisizo na mwisho, wa kumuuliza mbona umechelewa. Bomba lenyewe dada alishalitengeneza. Soli alimpenda, na alikuwa anaogopa jioni ile kuliko alivyowahi kuogopa kitu.

— Nywele siyo, alisema Birika, akizungusha vikombe. Ni kahawa. Machicha yangu yote anachukua yeye. Fikiria mwenyewe: mbegu inakufa na baridi kwa sababu inalala. Ukilala bila blanketi si unapigwa? Sasa mbegu iliyokunywa kahawa hailali! Imekodoa macho usiku kucha, baridi inapita inasema, aa, hawa wako macho, twende kwa wengine.

— Birika, wewe kahawa yako unainywa mwenyewe sana, alisema Wembe.

— Nipingeni kwa hoja!

— Hoja ninayo, alisema Kilo, akajiweka sawa, maana Kilo haongei mpaka tumbo limetulia. Shangazi amezidanganya.

— Amezidanganya nini? aliuliza Birika.

— Mbegu! Mimi nimemsikia kwa masikio yangu haya. Anaongea nazo. "Jua kali leo, wanangu. Jasho linanitoka." Na huku kajikunyata ana masoksi mawili! Tena anajipepea kwa upepeo. Mbegu iko ndani, haina dirisha, itajuaje? Inasema, kumbe tuko bondeni, inatoka. Ikishatoka ikaona ukungu, itarudi vipi? Imeshachelewa.

— Loo! Wembe alipiga paja. Ndivyo alivyoletwa na Soli huyo. "Njoo dada, huku hakuna baridi."

Benchi likalipuka. Soli akajichoma sindano kidoleni.

— Mwulizeni mwenyewe, alisema, akinyonya kidole.

— Tumemwuliza! alisema Kilo. Anasema, "Nilizipanda zikaota, mnataka niape?"

— Mimi siku ile nilipoona mibamia dirishani mwa tanuri la mkate, alisema Birika, na sasa sauti yake ilikuwa imepoa, ile ya kwanza na ua lake la manjano, kiini chekundu kama divai, nilitua birika chini. Kweli tena. Nimezaliwa hapa, sijawahi kuona kitu kile. Nikasema huyu mama baridi yenyewe imemwogopa.

— Imemwogopa, alikubali Kilo. Hata mimi namwogopa.

— Mwanamke na nusu, alisema Wembe. Tulimcheka hapahapa, yeye kimya. Leo katuletea sahani. Soli, una dada, bwana. Akiondoka huyu, mji utapwaya.

Soli alivuta uzi, akaukata kwa meno, akampa mama mgeni kiatu chake. Mama akainama kukivaa, akabaki ameinama, shingo kaipinda, anachungulia chini ya benchi mpaka ncha ya pili.

— Samahani, alisema. Hivi haya makopo ya huku chini ni ya nini?

Wembe alimtazama Kilo, Kilo akamtazama Birika. Wanaume waliokalia benchi lile miaka nenda rudi, hakuna hata mmoja aliyewahi kuangalia chini yake. Wakainama wote kwa pamoja, vichwa vikagongana.

Kwenye ncha ya kulia, chini kabisa ya makalio ya Wembe, pale tofali lilipo uchi, makopo yalikuwa yamebanwa ukutani. Yalikuwa na udongo mweusi wenye machicha na nywele, ndiyo, nywele, na katika udongo shingo nyembamba za kijani zilikuwa zinajikunjua, nyingine bado zimevaa ganda la mbegu kichwani kama kofia.

— Mama yangu! Wembe aliruka juu. Kumbe mimi nimekuwa naatamia!

Lakini Soli hakuwa anaangalia miche. Makopo yalikuwa yamezungushiwa nguo ili upepo usiyapige, nguo ya buluu, imekunjwa vizuri na kufungwa fundo. Aliishika kwa vidole viwili. Ilikuwa shali ya safari.

Dirisha la tanuri la mkate likafunguliwa kwa kishindo na kichwa cha Shangazi kikatokea, kilemba kimejaa unga.

— Nani anachezea shali yangu? Soli! Funika hapo, wanapigwa na baridi wanangu!

— Dada, alisema Soli, akiwa bado amepiga magoti. Na safari je?

— Safari gani? Nikisafiri nani atayageuza hayo makopo, wewe? Wewe unaweka viatu mezani! Akawageukia wengine. Na wewe Wembe, nani kakwambia uinuke? Unadhani upepo utazuiwa na nini? Kaa!

Wembe akakaa, taratibu kama aliyekalia mayai. Kilo akasogea karibu yake kuziba pengo, na mama mgeni, viatu vyote miguuni sasa, akaketi tena naye akasogea. Soli alivua sweta lake, akaizungushia ile shali, akakaza fundo. Alikuwa analia na hakujificha.

— Mmiminie kahawa huyu, alisema Kilo.

Birika aliinamisha birika, akalitikisa. Kilikuwa kimebaki kikombe kimoja, na hakuna aliyekigombea.