Mzee Sura ya Kwanza Aachia Kiti

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuitumikia maktaba yetu, Mkutubi Mkuu anastaafu tarehe 30 Juni. Safari hii ni kweli. Mara tatu zilizopita tulikata keki, tukalia, naye Jumatatu akarudi na mkataba mpya kwapani. Mimi, naibu wake, nilishona suti ya kumrithi tangu keki ya kwanza. Leo haifungi vifungo.

Alianza kwa kupanga vitabu kwenye rafu za chini, akapanda hadi ofisi yenye dirisha. Ndiye aliyeiokoa stoo isiungue, kwa kuzima moto wa jiko la chai aliloliwasha mwenyewe.

Jina la utani alilipata kwenye mjadala wa Jumatano. Wafanyakazi wote tulisoma riwaya moja nene, ya Uingereza ya zama za Malkia Viktoria: kijana ana mjomba tajiri, anamwacha binti wa mwoka mikate aliyempenda kwa dhati, anakaa kungoja urithi. Kanuni ya Mzee ilikuwa moja, asiachwe mtu nyuma. Aliyekosa siku moja akirudi, wote tunaanza upya sura ya kwanza. Mara mhasibu kaugua, mara dereva kafiwa. Miaka kumi na miwili, mjomba hajafa! Na nakala ilikuwa moja tu, Mzee akiondoka nayo kila jioni.

Kijana yule tulimsimanga, jamani. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, nilisema mimi, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko zote. Wakati huohuo nilikuwa nimemwambia mhazili wetu anisubiri kidogo, nipate kiti ndipo tuoane. Alisubiri, akachoka, akaolewa na fundi wa majokofu. Mwanawe yuko darasa la tatu sasa, ana adabu sana. Akiniona hunipa shikamoo, mjomba.

Mwaka huu, kwa kutaka Mzee aondoke na amani, hakuna aliyethubutu kuugua, na Jumatano iliyopita tukafika mwisho. Mjomba kafa, mali yote kamwachia mgeni, kijana kaambulia fimbo ya kutembelea. Tulicheka mpaka machozi. Kesho yake bodi ikatangaza kwamba Mkutubi Mkuu mpya anatoka tawi jingine. Kumbe Mzee aliombwa ushauri, akajibu kuwa naibu wake anafaa sana, sana tu, kuendelea kuwa naibu.

Imeniuma, sitaficha. Mimi ameniachia riwaya. Na kwa kuwa mkuu mpya hajaisoma, kanuni ni kanuni: Jumatano ijayo tunaanza sura ya kwanza.

Mzee, asante kwa yote. Pumzika, kula vizuri, lala mchana, cheza na wajukuu. Maisha yawe mema huko uendako, na tafadhali sana, Jumatatu usirudi.