Bi Jedwali na Alama ya Kutoa

Tarehe thelathini Juni, Bi Jedwali anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo chetu cha takwimu za uwekezaji. Jina hilo la utani alilipata mwezi wa kwanza kazini na hajawahi kulikataa. Anaondoka akiwa mkuu wa kitengo, na kicheko chake bado kinasikika mpaka ghorofa ya chini.

Alianza kwa kusambaza madodoso kwenye makampuni ya kigeni. Kampuni iliyompiga chenga aliifuata na uzi na sindano zake za kufuma, akakaa mapokezini mpaka mhasibu atoke. Wengi walijaza dodoso kabla sweta haijaota mikono. Mumewe, fundi saa, anasema nguo zote za baridi nyumbani kwao zimetokana na wahasibu wakaidi.

Lakini sisi tuliokuwepo tunamkumbuka zaidi kwa siku ya lile jedwali kubwa. Alikuwa amelinganisha uwekezaji halisi wa nchi yetu na wa jirani zetu, yaani fedha walizoleta wageni baada ya kuondoa zile ambazo wenyeji wamewekeza nje. Tarakimu yetu ilipendeza. Ya jirani ilikuwa kubwa ajabu, ila mbele yake palikuwa na alama ya kutoa. Ofisi nzima tukachekelea: wawekezaji wamewakimbia! Mkurugenzi aliagiza bango, waandishi wa habari wakaalikwa, na kila mtu akajua kwamba cheo cha mkuu wa kitengo, kilichokuwa wazi, ni cha Bi Jedwali.

Yeye ndiye aliyekosa raha. Nchi inayokimbiwa, alituuliza, mbona inafungua viwanda kila kukicha? Asubuhi ya mkutano akampigia simu mtakwimu mwenzake wa ng'ambo ya mpaka. Kumbe wenzetu huanza na fedha zao zilizokwenda nje, kisha huondoa za wageni zilizoingia. Alama yao ya kutoa ilikuwa habari njema. Walikuwa wametuacha mbali.

Waandishi walikuwa wamekwisha kukaa. Bi Jedwali aliingia ukumbini kwa mlango wa mbele, akapanda juu ya kiti, akalibandua bango kwa mikono yake. Akatangaza kwamba jedwali ni lake, kosa ni lake, na anayeongoza ni jirani. Mimi nilijisikia fahari ambayo sijawahi kuisikia tena kazini.

Cheo hakukipata. Nilipewa mimi. Alikuwa wa kwanza kunipa mkono, akaniambia bila haya kwamba nikikosea, atanibandua na mimi.

Nilipohamia idara nyingine, hatimaye akakikalia kiti kilichomstahili. Akavutana na wenzetu wa ng'ambo, vikao kwa vikao, mpaka tukakubaliana kuhesabu kwa njia moja. Leo nchi mbili zinatoa jedwali moja, na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, limetuweka mbele! Yule mtakwimu wa jirani ndiye aliyetangulia kupiga simu ya pongezi. Tulipomuuliza kama ameshahakiki, alicheka. Alisema aliona jina la aliyelitayarisha, akafunga faili.

Asante sana, dada yetu. Kapumzike na mzee wako, ucheke upendavyo, na maisha yakawe matamu kwako.